Bwana Ashrafu Akagua Majirani

Bwana Ashrafu alikuja Dunda kununua nyumba, akaanza kwa kutukagua sisi. Nyumba yenyewe aliitupia jicho tu. Kisha akaja kusimama mbele ya baraza yetu, miwani ya jua usoni, leso ya manukato puani, akatutazama mimi na bibi yangu kama mtu anayechagua matikiti sokoni.

"Ukuta mbovu unabomolewa," alitangaza. "Jirani mbaya je? Anabomolewa?"

Hoja ilikuwa nzuri, na haki lazima itendeke: kwenye mdahalo wa shuleni kwetu angepigiwa meza. Hata wazee husema jirani kwanza, nyumba baadaye. Lakini hekima ikikaa kwenye vinywa fulani hubadilika ladha, kama maziwa yaliyotiwa kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Nyumba aliyoitaka ni ya Bi Arafa, mjane, shoga wa bibi yangu Bi Mwanajuma tangu wote wawili wakiwa wanawali. Kati ya ua wake na ua wetu kuna kilango cha mbao ambacho hakijawahi kujua komeo. Asubuhi Bi Arafa hupita humo kuja kunywa chai. Mchana bibi hupita kwenda kuchambua naye mchele. Mimi, nikiwa likizo, hupita saa yoyote inaponukia harufu ya kukaanga.

Sasa mwanawe, Maulidi, alikuwa amemshawishi auze nyumba akaishi naye Chalinze, nyuma ya maegesho ya malori, ambako jirani wa karibu ni fundi wa matairi. Bi Arafa alikubali kwa kuchoka kubishana. Tangu siku hiyo bibi yangu akawa anaunguza wali. Bibi, ambaye hupika wali huku akisimulia habari za mtaa mzima na asikose hata punje!

Kwa hiyo, baada ya tafakuri nzito iliyostahili mtu wa umri mkubwa kuliko wangu, niliamua kuwa jirani mbaya kuliko wote katika kata ya Dunda. Bwana Ashrafu atishike, aondoke, Bi Arafa abaki. Mpango haukuwa na dosari.

Nilingoja bibi aingie jikoni, nikaweka spika juu ya ukuta wa ua, nikafungulia singeli mpaka kuku wakakimbilia chini ya kinu. Bwana Ashrafu akaja. Sikumpa shikamoo. Niliketi, mguu juu ya mguu, nikatafuna ubuyu na kutema kokwa karibu na kiatu chake.

"Binti, watu wa hapa wakoje?"

"Hatujuani. Mtu akifa tunajua kwa harufu."

Akainamisha kichwa, kama aliyesikia habari njema. "Hamtembeleani?"

"Ili iweje?"

"Mtu akiishiwa chumvi?"

"Akigonga kwetu tunazima taa."

"Na muziki huu?"

"Asubuhi mpaka usiku. Ijumaa tunaongeza."

Bwana Ashrafu alitabasamu. Yalikuwa meno mengi, tena yote kwa wakati mmoja. "Mashaallah," alisema. "Kelele si neno, nitajenga ukuta mrefu, kelele zitabaki kwenu. Ninayemwogopa ni yule mtu wa shikamoo-habari-za-watoto-tumewaletea-uji. Huyo hazuiliki kwa ukuta, anapita mlangoni." Akakitazama kilango. "Na hiki nitakiziba kwa tofali."

Nikazima spika. Nilikuwa nimemuuzia nyumba ya Bi Arafa bila hata kulipwa udalali.

Kabla ya kukamilisha mambo, Bwana Ashrafu aliomba alale hapo Jumamosi moja na mkewe, Naila, waonje utulivu. Bi Arafa, ambaye hajui kumkatalia mgeni, akawaachia chumba chake na kitanda cha besera, kile cha nguzo nne, mwenyewe akahamia kwenye mkeka. Wageni walishuka garini na hotpoti kubwa inayong'aa, imejaa chakula kutoka kwao Dar.

"Mke wangu hali vya watu," alieleza Bwana Ashrafu, ingawa hakuna aliyeuliza.

Hapo nikaona mwanga. Mtu anayeogopa wema atibiwe kwa wema. Nilizunguka mtaa mzima, ushungi nimeufunga vizuri, uso wa msiba, nikiwaambia watu: "Nyumbani kwa Bi Arafa kuna mgeni anayependa sana majirani, ila ana haya. Asipopelekewa kitu hulala analia." Nilichosema hakikuwa uongo kamili. Nilisogeza tu sababu ya kilio.

Ulimwengu ukahamia kwa Bi Arafa. Bibi yangu alipeleka mkate wa kumimina. Mama Ashatu wa nyumba ya kona alipeleka mbaazi za nazi. Mzee Kibwana, muuza samaki, alileta changu wa kupaka yeye mwenyewe, akaketi, akauliza hali ya baba, mama, wajomba na ng'ombe kama wapo. Kisha akakaza macho.

"Kijana, wewe si mjukuu wa Bi Shamsia wa Saadani? Sura hiyo hiyo! Nimenunua papa kwa bibi yako miaka na miaka!"

Bwana Ashrafu alirekebisha miwani. "Saadani ni zamani, mzee."

"Zamani? Mbona ipo mpaka leo?" alisema Mzee Kibwana kwa mshangao wa kweli, akasogeza kiti karibu zaidi.

Nililala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi Bwana Ashrafu alitokea uani na katoni ya maji ya chupa iliyojaa vyombo. Maulidi alikuwa ameshafika kutoka Chalinze kuja kufunga biashara, akisimama kila aliposimama Bwana Ashrafu, kama mkia.

"Wewe binti! Chukua vyombo vyenu. Na waambie wasilete tena."

Nilichungulia. Sahani zote, bakuli zote, zimeoshwa, zimepangwa, zinang'aa. Tupu. Nyuma yake Naila, yule asiyekula vya watu, alikuwa akijilamba kidole chenye rojo ya samaki wa Mzee Kibwana.

Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huna kitu, weka limau. Huna limau, weka karanga za kiganja kimoja. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu mmemalizana.

Bi Arafa alikuwa akipepeta mchele na bibi. Akaweka ungo chini, akaja, akainua sahani moja moja na kuigeuza, kana kwamba kilichowekwa kimeangukia upande wa pili.

"Bwana Ashrafu, hata limau ulikosa? Mlimau si huo hapo, umezaa mpaka unainama."

"Limau la nini, mama? Vyombo nimeviosha kwa sabuni."

"Bibi yako Saadani alirudishaje sahani za watu?"

Bwana Ashrafu alivua miwani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona macho yake, na sikuona sababu ya kuyaficha wala ya kuyaonyesha. "Mama, hayo mambo ya kizamani. Mimi nanunua nyumba, sinunui sahani."

"Mgeni asiyejua ningemfundisha," alisema Bi Arafa taratibu. "Wewe unajua. Nyumba siuzi."

"Mama!" Maulidi alipata sauti. "Tumeshakubaliana! Kwa ajili ya sahani?"

"Si yeye aliyesema jirani ndiye wa kukaguliwa? Basi na mimi nimemkagua. Mimi niondoke, halafu huyu Mwanajuma nimuachie mtu kama huyu? Akiugua amgongee nani, tofali?"

"Lakini, mama, Chalinze nimeshakuandalia chumba..."

"Nilipolazwa baada ya kukuzaa, Maulidi, ulinyonya kwa Mwanajuma mpaka nikapona. Na chombo hicho nacho utakirudisha kitupu?"

Maulidi alimtazama bibi yangu, bibi akatazama mchele. Sikumsikia tena Maulidi akisema neno nyumba.

Bwana Ashrafu aliondoka kwa haraka ya mtu aliyedhulumiwa. Alimsahau kidogo Naila, akarudi kumchukua. Hotpoti aliisahau kabisa.

Niliipokea kwa heshima zote. Nikapendekeza tuijaze maji yaliyooshewa samaki, pilipili kichaa iwe kitoweo.

"Kuru," Bi Arafa aliniita kwa jina, "hicho ni chombo cha mtu."

Akawasha jiko. Walikaanga visheti yeye na bibi mpaka hotpoti ikajaa hadi ukingoni, wakavimwagia sukari na iliki, wakafunika, wakafunga kwa kitambaa safi. Kisha Bi Arafa akamkabidhi Maulidi aipeleke Dar, mkononi mwa mwenyewe, pamoja na salamu kutoka kwa majirani wote, kwa majina. Mimi niliyepitia mabweni na kujiona bingwa wa kutia watu adabu, nilisimama pale kama mwanafunzi wa awali.

Mchango wangu ulikuwa mdogo. Kabla kitambaa hakijafungwa nilichuma limau, nikaliweka juu kabisa, katikati, mahali ambapo mtu akifunua hawezi kutoliona.

Maulidi akaenda stendi amekumbatia hotpoti kama mtoto mchanga. Nyuma yangu kilango kilikwaruza.

"Arafa," bibi aliita, "leo tunapika kwangu au kwako?"