Duka la Kwenye Shuka Nyeupe

Kila asubuhi, umande ungali kwenye migomba, Kokwijuka aliweka kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna juu ya meza ya duka la mumewe. Alizichemsha mwenyewe pamoja na majani yenye harufu nzuri, akazianika, akazichagua moja moja. Hakuna aliyeingia duka lile pale Nyakakika akaulizwa shida yake kabla hajatia punje mdomoni na kuulizwa habari za nyumbani. Hata aliyefuata kiberiti alikaa.

Asubuhi hiyo, kikapu hakijatulia mezani, mkono wa Byabato, mumewe, ukakiondoa.

"Duka si sebule," alisema kwa upole.

Sauti haikuwa yake. Kokwijuka aliijua. Ilikuwa sauti ya kipaza sauti cha gari la sinema.

Gari lile lilikuwa limetoka Bukoba wiki iliyotangulia, likatundika shuka nyeupe kwenye uwanja wa kanisa. Picha ilihusu mfanyabiashara hodari. Alivaa shati jeupe, akafuta meza, akatabasamu. Wateja waliingia, wakaonyesha kitu kwa kidole, wakalipa, wakatabasamu, wakatoka. Midomo yao haikusogea. Aliyesema ni mtu wa kipaza sauti tu, akieleza kwamba maneno mengi hula muda, na muda ndio biashara. Watu walishangaa, wakaomba irudiwe, ikarudiwa. Kokwijuka alirudi nyumbani na baridi mgongoni. Alikuwa amemtafuta mke wa mtu yule tangu mwanzo hadi mwisho, asimwone. Hapakuwa na mama, wala mtoto, wala mtu wa kukohoa chumba cha nyuma.

Byabato akashonesha shati jeupe. Kokwijuka alidhani wateja watachukia, maana anayekunyima kahawa amekutukana wewe na ukoo wako. Alingoja manung'uniko, hayakuja. Nyakakika nzima ilikuwa imeiona picha ileile, na kila mtu alikuwa ameshika sehemu yake. Mzee Rwegasira, ambaye humpiti njiani bila kusikia habari za kila ndama wake, aliingia, akanyoosha kidole kwenye chumvi, akalipa, akatabasamu, akatoka. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Kisha akaja Pulkeria, wifi yake, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Naye akaonyesha sabuni. Kokwijuka alimwamkia, akamtania kwamba labda ulimi ameuacha nyumbani, umeanikwa pamoja na buni. Pulkeria alimgeuzia tabasamu lile, refu, lisilofika machoni, akaenda zake.

Rafu zikajaa. Duka likastawi kuliko maduka yote mpaka Bugomora, na kadiri lilivyostawi ndivyo lilivyonyamaza, hata Kokwijuka akawa anasikia kitambaa cha kufutia meza kikipita juu ya mbao.

Kisha Byabato akaanza kutomwona. Siku moja Kokwijuka alilaza kiganja chake juu ya meza. Kitambaa kilikuja, kikauzunguka mkono kama kinavyozunguka jiwe la mizani, kikaendelea. Jioni alimpakulia matoke, naye akala akiutabasamia ukuta. Kokwijuka akajizoeza kuinama juu ya mtungi wa maji ili ahakikishe kwamba uso wake bado upo.

Mara nyingi alifungua kinywa amwambie. Kikatoka kingine: chumvi inaloa, mawingu yametanda upande wa Kimuli. Alilelewa hivyo, kwamba mke hamwinulii mumewe sauti, hasa mbele za watu.

Alasiri moja alizunguka nje, akaingia kwa mlango wa wateja. Waliokuwemo walimpisha wakitabasamu. Byabato aliinua uso.

"Karibu, mama. Nikupe nini?"

Wote wakatazama mkono wake, wakingoja. Na kidole kilikuwa kimeshaanza kuinuka, bila yeye kukituma, kikielekea kwenye viberiti, na pembe za midomo yake zikaanza kuvutika. Akaushika mkono ule kwa mkono wa pili, akaukandamiza kifuani.

"Sikuja kununua, waitu," alisema, akimwita kwa heshima kama alivyolelewa, na sauti ikatetemeka lakini ikafika hadi nje. "Mimi ni Kokwijuka, mke wako. Yule mtu wa kwenye shuka hakuwa na mke, ndiyo maana unanifuta kidogo kidogo. Kama duka hili limekumeza, silitaki. Nakutaka wewe. Nitazame."