Glavu ya Jikoni kwenye Wolseley

Kila Jumapili Horace Tranter aling'arisha gari lake, Wolseley Hornet, mpaka paka wa mtaa mzima wakawa wanakuja kujitazamia sharubu milangoni. Ilikuwa na grili ya kromu, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao, na beji mbele iliyowaka kila taa zilipowashwa. Chini ya mapambo hayo kulikuwa na Mini, kile kigari kidogo cha bei nafuu. Kiwandani walichukua Mini wakairefusha pua, wakaiongezea buti kwa nyuma na jina la kiungwana, basi. Mji mzima wa Tenbury ulijua hivyo. Horace naye alijua, ila neno hilo halikuwahi kumtoka.

Aliyemkera zaidi ni Clem Pugh, muuza samaki na chipsi, mwenye Mini ya kawaida rangi ya supu ya njegere. Clem hakuuliza hali ya Horace. Aliuliza hali ya "Mini iliyovaa suti". Horace akasusa chipsi zake, akawa anafuata chipsi mji wa pili, zikifika nyumbani zimelegea kama soksi. Halafu mtoto wa Clem akamposa Hilary, binti pekee wa Horace.

Tangu Hilary akiwa mdogo, Horace alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari lake, lenye utepe mweupe kwenye boneti. Asubuhi ya siku hiyo mvua ilimwagika kama imelipwa. Horace akafungua boneti kuifuta injini, maana mpiga picha angeweza kutaka kuiona, akakutana na ile glavu ya mpira ya kuoshea vyombo ambayo mkewe, Enid, aliivika humo. Wenye Mini wote walifanya hivyo: kifaa cha kugawa umeme kwa plagi za injini kiko mbele, nyuma ya grili, kwa hiyo unakivika glavu, waya tano zinapita kwenye vidole vitano, na maji hayaingii. Horace akaivua. Glavu ni mambo ya Mini.

Enid akatangulia na ndugu. Hilary akaingia kiti cha nyuma, gauni likamjaa mpaka shingoni kama mto ndani ya foronya. Njiani, kwenye bonde la kinu cha maji, mafuriko yalikuwa yamefunika barabara. Gari likapita vizuri, likatoka upande wa pili, likanyamaza.

Horace akakausha kwa leso. Likawaka, likaenda hatua chache, mvua ikapiga grili, likazima. Akakausha kwa tai. Vilevile.

"Baba," Hilary akasema taratibu, "kasisi ana harusi nyingine baada yetu."

Nyuma yao ikatokea Mini ya rangi ya njegere. Clem alikuwa amerudi nyumbani kufuata pete iliyosahaulika. Akashuka, akaitazama injini uchi, akamtazama Horace aliyelowa mpaka kwenye soksi. Horace akasubiri kejeli. Haikuja, naye akainama dirishani kwa binti yake.

"Panda kwa baba mkwe wako, mwanangu," akamwambia Hilary. "Atakufikisha."

Hilary hakusogea. Clem alisimama akikuna shavu, kisha akarudi kwenye gari lake, akafungua boneti, akaja na glavu ya njano yenye harufu ya samaki.

"Sijui kama itaenea kwenye gari la kifahari hivi," alisema.

"Itaenea," Horace akajibu, akiipokea. "Ni Mini, Clem."

"Sema polepole, mkwe. Itakusikia."

Waya tano, vidole vitano. Injini ikanguruma. Mini ya Clem, bila glavu, isingefika hata kona ya kwanza, kwa hiyo akaiacha pembeni, akajibana kiti cha mbele na mwavuli wake, akapapasa ngozi na kukiri kwamba hapa makalio yanaheshimiwa.

Wakafika kanisani beji inawaka kwenye mvua, watu wakapisha. Clem akashuka kwanza, akamfungulia Hilary mlango, akatangaza kwa sauti ya muuza chipsi kwamba amekuja kwa Wolseley.

Baada ya ibada mpiga picha akaomba boneti ifunguliwe. Akaona ile njano, akauliza kama aitoe kwanza.

"Iache," Horace akasema.