Doa la Kisiginoni

Restituta hakuwa na shaka hata chembe: Mabula ndiye aliyemtegea. Pale Kiberege mtu akiugua mguu bila kuchomwa na mwiba, hawasemi anaumwa. Wanasema amekanyaga, na kila mmoja anajua kwamba kuna mkono uliofukia dawa njiani. Restituta alikuwa na ushahidi wake.

Mwaka jana ng'ombe wa Mabula waliingia kwenye majaruba yake wakala mpunga uliokuwa umeanza kubeba. Walifikishana hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wiki mbili baadaye mama huyu alikuwa ananawa matope mferejini, Mabula akapita, akaamkia, kisha akainama na kuuliza lile doa jeusi kisiginoni limeanza lini. Akamsihi aende hospitali Ifakara, tena asikawie. Restituta hata hakujua kama ana doa. Sasa mtu anaionaje alama iliyo chini ya unyayo wa mwenzake, kama si yeye aliyeiweka? Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo hakuitikia shikamoo yake. Mabula alimwamkia kisimani, akamwamkia gulioni, akamwamkia hata nje ya kanisa Jumapili ya Matawi, na mama mtu mzima akapita kama hajasikia. Kumnyima mtu marahaba mbele ya watu si jambo dogo. Wenzake wakaelewa, wakaanza kuzunguka njia ya mbali kukwepa boma la Msukuma yule. Mganga aliyemwendea naye, hodari wa wembe, alilichanja doa mara tatu akitafuta kitu cha kutoa. Doa likatanuka, kingo zikapindapinda, katikati pakachimbika kidonda kisichopona. Kinenani kikaota kivimbe. Ndipo Beno, mwanawe, alipochoka na habari za kukanyaga, akampakia kwenye pikipiki.

Hospitali walikata kipande wakapeleka kupimwa. Majibu yaliporudi, Daktari Eliza alimwambia ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Restituta akamtazama kwa jicho la pembeni. Yeye alisikia redioni kwamba saratani ya ngozi huletwa na jua, na unyayo wake umeonana na jua lini? Akahisi binti huyu naye anamficha jambo.

"Ipo ya jua, mama, huota usoni mwa waliochomwa miaka mingi," daktari akasema. "Ipo inayotambaa juu juu, na ipo inayojitunisha mapema ikakimbilia ndani. Yako ni ile ya nyayo, viganja na chini ya kucha. Hiyo haihitaji jua, na sisi weusi tukipata melanoma, mara nyingi huwa ni hiyo. Hukukanyaga kitu."

Kisha akauliza nani aliliona kwanza. Jirani, Restituta akajibu. Lini? Mwaka umepita. Daktari akaweka kalamu mezani. Wakati ule, alisema, pengine wangekata kidogo tu naye akarudi shambani. Sasa nyama ya kisigino itaondoka, na kile kivimbe cha kinenani lazima kipimwe. Kama ugonjwa umeshafika huko, hawezi kumwahidi kitu.

Restituta aliogopa kufa. Lakini njiani aibu ndiyo iliyomtafuna zaidi, akamwambia Beno asimame bomani kwa Mabula.

Mabula alikuwa anafunga ndama. Aliwatazama, asiamkie. Mwaka mzima ulikuwa umemfundisha. Restituta alishuka, akasimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika bega la mwanawe, akauliza alilijuaje lile doa.

"Mama yangu alikuwa nalo, hapo hapo," Mabula akasema. "Tulizunguka kwa waganga mpaka tukamzika."



"Marahaba, Mabula."

"Sijakuamkia, mama."

"Najua. Naitikia zile za mwaka mzima."