Gari la Mwalimu Limerudi Tena

Gari la mwalimu wa udereva liliingia gereji kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na kabla hata halijazimwa, shemeji alishaanza kucheka.

"Mgeni wako huyo, shemeji," alimwambia mke wa kaka yake. "Mtandikie kabisa, naona kahamia."

Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa giaboksi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, na kwa kawaida mdomo wake haukukosa la kurudisha, lakini siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye gari tu. Alichuchumaa akachungulia uvunguni. Tone la oili lilining'inia nyuma ya giaboksi, pale inapoingilia shafti inayozungusha magurudumu, likanenepa, likadondoka. Ni pale pale alipobadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake pia.

Gereji ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi, baada ya kukata tamaa na mwanawe mkubwa, fundi cherehani, ambaye mpaka leo ukimwambia akuletee spana anakuletea koleo. Mkewe je? Akigusa giaboksi tu, anakwambia beringi ipi imechoka. Mzee akampa meza ya giaboksi, na meza hiyo ilikuwa ndiyo heshima ya gereji nzima. Shemeji alikuwa akiitolea macho miaka nenda rudi.

Mwaka huu mgongo wa mzee ulikataa kuinama. Akabaki na kazi moja aliyojipa mwenyewe: kila giaboksi iliyotoka mezani kwa mkwe wake, aliiosha, akaipangusa na kuikagua mpaka ing'ae, ndipo ipandishwe garini. Alikuwa na ugomvi na vumbi yule mzee. Alivaa koti jeupe kazini. Jeupe, jamani, katikati ya oili!

Sasa alikuja polepole na koti lake, akasimama karibu na lile tone.

"Mwanangu," alisema, "mara ya kwanza nilisema sili ilikuwa mbovu. Ya pili nikasema bahati mbaya. Leo niseme nini?"

"Baba, sili nimeifunga vizuri."

"Mbona inavuja?"

Tone jingine lilidondoka kati yao.

"Basi leo ndiyo mwisho. Likitoka hapa likavuja tena, meza ya giaboksi anachukua shemeji yako, wewe unarudi kwenye matairi. Sipendi kusema hivyo, lakini jina la gereji linachafuka."

Aliumia, tena aliumia sana. Matairi hayakuwa na shida, aliyaanzia hayo hayo. Kilichomchoma ni kuambiwa hawezi kitu ambacho mikono yake inakijua.

Mwalimu wa udereva alijaribu kupoza mambo. "Wanafunzi wangu wanadhani ni sehemu ya somo," alisema. "Jana mmoja kaniuliza, mwalimu, oili inamwagwa kwenye gia ya ngapi?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka, ila swali la yule mwanafunzi lilimkaa kichwani: inamwagika wakati gani hasa?

"Mwalimu, asubuhi kabla hujawasha, unakuta oili chini?"

"Asubuhi? Hapana, pakavu kabisa. Nikishuka nao mlimani ndiyo inaanza. Unajua tena, kule ndiko nawafundisha kuondoka kwenye mwinuko. Gari linachemka mpaka unalionea huruma."

Fundi alipiga hesabu. Sili iliyokufa huvuja hata gari likiwa limelala. Hii ilingoja moto. Giaboksi ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na hewa hiyo ina njia yake ya kutokea, kijitundu kidogo juu kabisa ya giaboksi ambacho ukiwa chini ya gari hukioni. Kikizibwa, hewa huisukuma oili itokee kwenye sili.

Aliomba gari lisogezwe juu ya shimo la kufanyia kazi. Akashuka, akapitisha mkono juu ya giaboksi iliyokuwa bado na joto, akipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo juu ya kabati. Alipotarajia tundu, vidole vilikuta kijivimbe laini. Ilikuwa silikoni, ile gundi inayokauka ikawa mpira, na ilikuwa imelainishwa vizuri kwa dole gumba. Pale gereji ni mtu mmoja tu aliyelainisha gundi namna ile, na alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo na koti jeupe. Mzee alipoiosha aliona tundu, akaona mlango wa vumbi, akaziba.

Alishusha pumzi. Fundi angeweza kukikwangua kimyakimya, gari lipone, meza yake ibaki na mzee abaki na heshima zake. Lakini giaboksi ijayo ingezibwa vile vile, na lawama ingekuwa yake vile vile. Na alichoka kubeba kosa lisilo lake.

"Baba," aliita, "naomba ushuke. Humu huna haja ya kuinama. Nataka ulegeze boliti ya kujazia oili, kwa mkono wako."

Mzee alishuka ngazi moja moja. Akavaa glovu, akaweka spana, akalegeza taratibu. Psssss! Hewa ilitoka kwa hasira, ikarusha oili mpaka kwenye koti.

"Hata kumwelekeza mzee hajui!" shemeji alipayuka kutoka juu.

"Nyamaza wewe!" mzee alimkemea.

Mzee alisikiliza mpaka mlio ukaisha. Hakuhitaji kufundishwa maana yake.

"Hewa imekosa njia," alisema. "Tundu la kupumulia limefanya nini?"

Fundi alisogea karibu. Aliushika mkono wa mzee kwa adabu, akauongoza juu. Dole gumba la mzee lilitua kwenye kile kijivimbe, likaingia sawasawa kwenye alama yake lenyewe.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema.

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema. Na nitasema huko juu."

Kazi iliyobaki haikuchukua muda. Fundi alikwangua silikoni, akapitisha waya mpaka tundu likawa wazi. Akavua shafti, akatia sili mpya, maana ile nyingine ilishasukumwa na hewa ikaharibika, akajaza oili mpaka ikafika ukingoni mwa tundu la kujazia, akakaza. Kisha wote wanne wakajipakia garini wakaenda mlimani. Mwalimu alilipandisha lile gari mara nne, akisimama katikati ya mwinuko na kuondoka tena, mpaka shemeji huko nyuma akaanza kulalamikia tumbo.

Walirudi gari linafuka joto. Fundi alishuka shimoni na tochi, akapangusa nyuma ya giaboksi kwa kitambaa safi, akakitazama. Akangoja dakika kumi, akapangusa tena. Kitambaa kilikuwa kikavu!

Kigelegele kilimtoka mwenyewe, humo humo shimoni. Mwalimu akakijibu kwa honi. Mafundi wa jirani walikuja mbio kuuliza nani kaoa.

"Baba," shemeji alianza, "kwa hiyo ile habari ya meza..."

"Meza gani?" mzee aliuliza, na hakungoja jibu. Alikuwa ameshatoa simu, kwa sababu mwaka huu alikuwa ameosha na kuziba giaboksi nyingine tano. Alisimama mlangoni pa gereji, pale ambapo kila mtu angesikia, akampigia mteja wa kwanza.

"Lete gari kesho, nimekosea mimi, nimeziba tundu ambalo halizibwi... Hapana, bure... Nani? Mimi?" Aligeuka akamtazama mkwe wake, aliyekuwa akipanda ngazi za shimo na oili mpaka kwenye nyusi. "Hapana bwana, mimi ndiye niliyeharibu. Anayetengeneza giaboksi hapa ni binti yangu."