Pilipili za Kupigwa Picha

"Nyunyiza tena," mtaalamu alisema. "Zing'ae! Mnunuzi ananunua kwa macho."

Mpiga picha akachovya mkono kwenye ndoo, akarushia maji rundo la pilipili kavu. Kamera ikalia mara tatu. Mtaalamu, glavu nyeupe mikononi, akainua pilipili moja na kuichekea kama mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mama Kausha alirudi kutoka kuchukua uzi akakuta wameshamaliza. Pilipili za picha zilikuwa zimezolewa na kujazwa kwenye magunia sita kati ya arobaini ya shehena, pamoja na maji yake. Siku kumi na moja alizigeuza juani kwa mikono yake inayowaka hadi kwenye kucha. Kazi yake kwenye kikundi ilikuwa moja: kuitikisa pilipili karibu na sikio, asikie mbegu zikicheza ndani, kisha ashone gunia. Bila mshono wake gunia halitoki ghalani.

Mtaalamu huyo aliletwa na mradi wa kuwafikisha wakulima wadogo kwenye masoko ya nje. Wanawake walimbatiza Endelevu, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Biashara endelevu, vifungashio endelevu. Hata chai ya saa nne ilikuwa endelevu, mradi ameinywa yeye. Alifundisha semina mbili kuhusu pilipili, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuzishika.

"Hizi sita haziendi," Mama Kausha alisema.

"Mama, ni maji kidogo tu. Zitakauka njiani."

"Njiani wapi? Ndani ya kontena lililofungwa? Wewe nguo zako unazianua mbichi, unazikunja kabatini?"

"Huyo hata soksi hajawahi kufua," mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma. Ghala zima likaangua kicheko.

Endelevu akavua glavu taratibu. "Nina shahada ya pili ya masoko ya kimataifa."

"Hongera, baba. Kuvu haisomi vyeti."

Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni wifi yake, akamvuta pembeni. Alikuwa amevaa fulana ya mradi, bado ina mikunjo ya boksi.

"Wifi, usituaibishe mbele ya wageni. Miaka mitatu tumehangaika kupata mnunuzi wa nje. Meli inafunga kupokea mizigo kesho. Shona tu, gari liondoke."

"Wakifungua huko wakakuta kuvu kwenye gunia moja, watachoma magunia yote arobaini. Halafu mnunuzi mwingine utamtoa wapi? Kwenye mfuko wa huyo?"

"Yeye ndiye mtaalamu."

"Wa picha."



"Kama hataki, atashona mwingine," Endelevu alitangaza, akipiga makofi kana kwamba anaamsha darasa. "Nani anajitolea?"

Hakuna aliyejitolea. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa amevaa ndara, na ndara hazina kamba. Mwingine akaanza kufagia palipokwisha kufagiliwa. Endelevu akatoa simu, akatoka nje kutafuta mtandao na mtu wa kumwambia la kufanya.

Mama Kausha hakumngoja. Akaburuta gunia la kwanza hadi uani, akalimwaga juu ya turubai, akapiga magoti na kuzitawanya kwa viganja. Hazikulowa hadi ndani. Jua likikubali kwa saa mbili, zitawahi lori.

Nyuma yake akasikia gunia la pili likiburutwa. Ni wifi, fulana imeshapata vumbi kifuani.

"Usinitazame hivyo," wifi alisema. "Sogea kule."

Gunia la nne, turubai likajaa.

"Naondoka saa kumi!" dereva wa lori akapaza sauti. "Nimeambiwa saa kumi!"

"Sasa saa ngapi?" Mama Kausha akauliza.

"Saa saba na nusu."

"Basi unapiga kelele za nini?"

Dereva akawatazama wanawake waliopiga magoti. Akazima injini. Akapanda juu ya lori, akafungua turubai lake na kuliangusha chini kwa kishindo.

Walipomaliza kuzitandaza, wingu likaingia juu ya ua. Mikono yote ikasimama. Wakaangalia kivuli kikipanda polepole juu ya wekundu ule, wakisubiri kuona kama kitapita.