Jina la Kishindo

Lorne alikuwa hasikii kitu, lakini ole wako umwambie "kuna kelele" ukaishia hapo. Kelele gani? Msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao ulimla masikio mpaka ukayamaliza, na alichobakiwa nacho ni majina tu. Hayo aliyashikilia kwa meno. Boom, alisema, ni ule mlio unaokuingia kifuani. Thud ni wa kitu kizito kilichoangukia udongo kikatulia. Crash lazima iwe na vioo au mabati ndani yake, na clang ni chuma kwa chuma. Racket je? Aa, hiyo ni ya wajukuu wa jirani yao Dot na zile pikipiki zao za theluji, Mungu awasamehe.

"Mlango umefanyaje?" alimuuliza mkewe, Ardith, kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Bang," Ardith alijibu polepole, ili aisome midomoni.

"Bang ya bunduki, au slam ya kubamizwa?"

"Slam, mzee wangu. Ni upepo huo."

"Ehee! Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Mengine yote waliongea kwa mikono, kwa ishara za kiwandani ambazo kila nyumba ya mji ule ilizijua: bosi anakuja, fulani kalewa tena, chakula tayari. Ishara ya kelele haikuwepo. Mle ndani kelele ilikuwa moja, ya kutwa nzima, na nani angehangaika kuipa ishara? Ndiyo maana kwa sauti Ardith alitumia midomo, na Lorne akazoea kumkodolea macho usoni kila dakika.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Tangu ile homa ya majira ya baridi, Ardith naye alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata, na asubuhi moja akaona birika linatoa mvuke bila kupiga mluzi. Hakumwambia mtu. Kusoma midomo alishajua, maana walijifunza pamoja yeye na mumewe, na pale aliposhindwa alicheka tu na kutikisa kichwa. Kwa Lorne alitunga. Mapazia yakipepea, alimwambia upepo unanguruma. Saa ya treni ya jioni ikifika, aliinua kidole, "Rumble," ule mngurumo mzito unaobingirika mbali, na Lorne akafumba macho kwa raha. Mwanamume huyu alishapoteza dunia ya sauti mara moja. Ardith aliogopa kumpotezea mara ya pili, aliogopa vibaya mno.

Kisha likaja tangazo. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, na dohani yake, lile bomba refu la moshi, ingeangushwa kwa baruti Jumamosi asubuhi.

"Hiyo naitaka," Lorne alisema. "Nimekaa chini ya moshi wake ujana wangu wote. Usije ukanipa neno la ovyo, mama."

Wiki nzima Ardith alikanda unga wa mkate huku akichagua maneno. Mwisho akaamua: boom, halafu rumble ndefu. Nani angembishia?

Jumamosi ukungu ulikuwa umeujaza mto wote. Watu walikuja na viti vya kukunja na chupa za kahawa, wakakaa ukingoni.

"Shoga, una uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino!" Dot alimwambia, na Ardith akayasoma maneno, akacheka.

Moshi mweupe ukatoka chini ya dohani. Dohani ikasimama kidogo, kama inafikiria, kisha ikainama taratibu, taratibu, ikaingia ndani ya ukungu mpaka ikaisha. Ndege wakainuka wote kwa pamoja. Jamani, ilikuwa nzuri! Ardith alisahau maneno yake yote. Ilimwia kama anaota, na kwa mara ya kwanza tangu homa ile kimya chake hakikumuuma. Akajikuta anatabasamu.

Alipokumbuka, akamgeukia mumewe haraka. "Boom," akasema. "Halafu rumble, ndefu."

Lorne hakuwa anaitazama dohani. Hakuwa ameitazama kabisa. Alikuwa anamtazama yeye, kama siku zote.

"Dot kamwaga kahawa," alisema. "Mbwa wake kakimbilia chini ya gari. Watu wote wameruka. Wewe hata kope hukupepesa." Hakuna aliyegeuka kuwaangalia, kwa hiyo lazima aliongea kwa sauti ya chini.

Ardith alijifunika midomo kwa kiganja.

"Tangu lini?" Lorne aliuliza, safari hii kwa mikono.

"Tangu homa."

"Na treni?"

"Nilitunga."

"Na mvua ya juzi kwenye bati? Na yule bundi?"

"Hata bundi." Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mume wangu. Niliogopa utabaki peke yako."

Lorne akaishusha mikono yake magotini. Vumbi lilikuwa likitua kwenye kofia yake.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa peke yako," akasema. "Muda wote huo. Na mimi nakusumbua, bang au slam, bang au slam. Mjinga mkubwa mimi!"

Akamshika kidevu, akamgeuza uso taratibu ili aione midomo yake vizuri.

"Roar," akamwambia. "Si boom, mke wangu. Ilianzia chini kabisa, kwenye mawe, ikapanda, ikauvuka mto, ikaenda kugonga milima kule ikarudi. Mpaka sasa bado inarudi."

"Umeisikia wapi wewe?"

"Nimetunga," alisema Lorne, na alikuwa analia.