Sauti ya Pili si Mtumba

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mlangoni nilibandika karatasi, "Warsha ya Uimbaji: Wote Mnakaribishwa," lakini ukiingia ndani unanikuta nimesimama na rula kama askari wa zamu. Siku ya kwanza niliwapima sauti watu ishirini na mmoja, mmoja mmoja, nikawagawa. Sauti ya kwanza, zile nyembamba zinazobeba wimbo, wakae dirishani. Sauti ya pili, zilizo chini yake kidogo, ukutani. Wanaume nyuma.

Walikuwemo ndugu wawili. Dada mtu ni muuguzi, mcheshi, akiimba unaogopa paa litang'oka. Mdogo wake ni fundi cherehani, mpole mno, ukimkanyaga anakuomba samahani yeye. Muuguzi nikampeleka dirishani, Fundi ukutani. Tulipoanza tu, Fundi akateleza akaingia kwenye wimbo wa dada yake, kosa la kila mgeni wa sauti ya pili. Nikagonga kinanda kwa rula.

"Wewe! Wa pili ni wa pili! Acha kumkimbilia wa kwanza!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mdogo wako yuko wapi?" nikamuuliza Muuguzi.

"Anasema basi, Mwalimu. Hata kwenye onyesho letu la kufunga warsha Jumamosi haji." Leo hakuwa na utani. "Nyumbani tukiimba yeye hufungua mdomo tu, sauti haitoki. Kuja hapa amejikaza miezi. Akiacha sasa, ndiyo hataimba tena maishani."

Maneno yale yalinichoma. Mchana nikamfuata kwenye chumba chake cha kushonea. Alikuwa ameinamia koti, pini zimejaa midomoni. Akazitoa moja moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umetukimbia?"

"Mwalimu, mimi nimezaliwa wa pili. Magauni yalinifikia dada ameshayachakaza. Viatu vilikuja vimeshakanyagwa upande. Hata vitabu vya shule, nilikuwa nafuta majibu yake kwanza. Nikasema angalau kuimba nianze na kitu kipya, changu. Ukanipa ya pili."

Lo! Miaka kumi na tisa nafundisha, sikuwahi kuwaza kwamba mtu atasikia "sauti ya pili" akadhani kapewa mtumba. Kwetu walimu ni hesabu tu, unahesabu kutoka juu kwenda chini. Nilitaka kumfokea kwa kutojua. Nikajing'ata ulimi, maana nani alipaswa kumweleza kama si mimi?

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuaibisha mbele za watu, tena kwa neno ambalo sikulifafanua." Nikashika lile koti. "Hiki unachotia ndani ni nini?"

"Bitana."

"Mwenye koti akipita barabarani, watu wanaiona?"

"Wataionea wapi? Ila usipoitia, koti linamkaa kama gunia." Akaigeuza ile bitana, akanitazama. "Kumbe!"

"Kumbe," nikasema.

Siku ya tatu alirudi. Nikawaomba wote radhi, rula nikaifungia kabatini, na tukakubaliana: anayekosea hachekwi, na anayetaka turudie anyooshe mkono bila kuulizwa kwa nini. Mikono ikanyooka kama ya watoto wanaogombea peremende. Wa Fundi ulinyooka mara sita. Kila mara tulirudia, na kila mara sauti yake ilizidi kutoka, nzito, tulivu, imeukamata wimbo kutoka chini. Safari ya sita Muuguzi aliacha kuimba, akageuka kutazama ukutani nani huyo. Machozi yakamtoka.

Jumamosi nikaamua sauti ya pili ndiyo ianzishe, na Fundi awe mbele. Akamtupia dada yake jicho, akaanzisha. Wengine tukaingia juu yake, na ukumbi mzima ukasimama.

Makofi hayajaisha, Muuguzi akanivuta mkono. "Mwalimu, nakuomba, na mimi nihamishie sauti ya pili!"

Sijafungua mdomo, yule mpole wangu akashika kiuno.

"Subiri, dada. Nikishaichakaza nitakupa."